Mwizi wa Upepo

Gari la nyumba ile lilikuwa na madereva wawili na matairi manne, na kati ya hao sita hakuna aliyeelewana na mwenzake. Dereva wa kwanza alikuwa mzee mwenye gari, aliyeendesha malori miaka thelathini na mmoja mpaka macho yakamgomea na leseni ikachukuliwa. Wa pili alikuwa mwanawe, ambaye tangu akabidhiwe ufunguo alijiona yeye ndiye aliyelibuni gari. Katikati yao aliishi mke wa huyo mwana, fundi cherehani, asiyejua kuendesha hata baiskeli, na ambaye kila asubuhi aliamshwa na kelele za uani kabla ya saa ya mezani kupata nafasi ya kulia.

Jumatatu ile kelele zilizidi. Fundi cherehani alitoka nje na pini tatu mdomoni, maana alikuwa ameshaanza kupinda gauni la mteja, akamkuta mumewe anazunguka gari huku ameshika kiuno.

"Wameniibia tena!"

"Wameiba nini?"

"Upepo! Juzi nimejaza matairi yote manne mpaka ukiyagonga yanalia. Tazama leo. Yamekaa kama mito ya kulalia."

Alitazama. Kweli matairi yalikuwa yamelegea, hasa ya nyuma. Baba mkwe wake alikuwa amekaa kwenye kiti chake karibu na mlango wa jikoni, kikombe cha chai mkononi, akitazama mbali kama mtu ambaye maneno hayo hayamhusu.

Mume hakungoja ushauri. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye dirisha la kinyozi, waliyegawana naye ua ule, akaligonga kwa kiganja. Kinyozi alikuwa amewahi kulalamika kwamba moshi wa gari unaingia kwenye taulo zake, na kwa mume huo ulikuwa ushahidi wa kutosha.

"Toka nje! Kama una neno na mimi niambie mimi, usiyaonee matairi!"

Kinyozi alichungulia, povu la mswaki kidevuni. "Matairi yapi?"

"Unafungua upepo wangu usiku."

"Nifungue upepo wako niupeleke wapi, ndugu yangu? Niuweke kwenye chupa niwauzie watu?"

Watu wawili waliokuwa wanapita njiani walisimama. Mmoja alicheka. Mume, aliyekuwa bado na nafasi ya kunyamaza, hakunyamaza. "Mwizi ni mwizi," alisema kwa sauti ya kufika barabarani, "hata akiiba upepo."

Kinyozi alifuta kidevu. Alikuwa mtu wa mzaha, lakini sasa alikaza uso. "Umeniita mwizi mbele ya watu, na mimi nashika vichwa vya watu kwa uaminifu. Haya. Tutaonana." Akafunga dirisha.

Fundi cherehani aliona aibu mpaka masikio yakamuwaka. Alitaka kwenda kuomba radhi papo hapo, lakini binti yao wa miaka sita alishatoka na begi lake mgongoni, na watoto wengine sita, ambao mume alilipwa kuwapeleka shule, walikuwa wanasubiri kuchukuliwa majumbani kwao. Muda wa kupita kituo cha mafuta kujaza upepo haukuwepo. Mume alipanda, akaondoka na mito yake minne ya kulalia.

Tairi la nyuma kushoto lilipasuka nusu ya njia.

*

Hakuna aliyeumia. Hilo lisemwe mapema, maana mtaani lilisemwa la mwisho. Watoto saba walikaa kwenye nyasi kando ya barabara wakila vitafunio vya mapumziko saa moja na robo asubuhi, wakifurahi mno, huku dereva wao akitoa jasho kwenye jeki na kufunga tairi la akiba. Mzazi mmoja alipita na gari lake, akapunguza mwendo, akahesabu vichwa, akapiga simu shuleni.

Ilikuwa mara ya pili kwa mwezi huo. Mara ya kwanza lilipasuka la mbele, kwenye shimo dogo ambalo hata mkokoteni ungelivuka bila neno.

Mwalimu mkuu aliwaita wote wawili, mume na mke, mchana uleule. Ofisi yake ilikuwa inapakwa rangi, kwa hiyo aliwapokea katika darasa la chekechea, na viti vilivyokuwamo vilikuwa vya chekechea. Mume alikaa, magoti yakamfika kidevuni. Ni vigumu mtu kujitetea akiwa katika mkao huo.

"Mimi si fundi wa magari," alisema mwalimu mkuu, mama wa miwani aliyezoea kuwasubirisha watu kidogo kabla ya kila sentensi. "Najua kuhesabu tu. Tairi la kwanza, nikasema bahati mbaya. La pili, sijui niseme nini. La tatu silisubiri."

"Mwalimu, kuna mtu ananihujumu. Jirani yangu..."

"Jirani yako simfahamu. Nakufahamu wewe. Ijumaa saa kumi na mbili na nusu asubuhi nitakuja nyumbani kwako, nitalikagua gari, nitapanda mwenyewe. Nikiona halifai, siku hiyohiyo watoto watapata gari jingine."

Mume alifungua mdomo. Mkewe alimkanyaga mguu, jambo lililokuwa rahisi kwa jinsi walivyokaa chini. Wote wawili walijua hesabu: kazi ya kubeba watoto ndiyo iliyolisha nyumba, na makubaliano yalikuwa kwamba maadamu baba anabeba watoto wa shule, binti yake anasoma bure. Gari likiachishwa kazi, na binti anatoka darasani.

Njiani kurudi mume alisema, "Nitayajaza mpaka yakome. Tuone kama huyo kinyozi ataweza kuyamaliza."

"Unajazaga kiasi gani?"

"Arobaini na nne. Imeandikwa kwenye tairi lenyewe. Aliyelitengeneza si anajua?"

Mkewe, mambo ya matairi hayakuwa yake. Ila alikuwa mtu wa vipimo, na jambo moja lilimsumbua: mtu anayejaza sana na matairi yanayokutwa matupu. Mteja akimwambia gauni linambana na wakati huohuo linampwaya, alijua kuna mikono miwili imepita kwenye mshono.

*

Jumanne fundi cherehani alilipeleka tairi lililopasuka mwenyewe, kwa kulibiringisha, hadi kwa fundi matairi kwenye kona. Mumewe alikuwa amesema halina maana tena. Yeye alitaka kuambiwa na mtu mwingine.

Fundi matairi alilizungusha mara moja, akakaa juu ya ndoo, akalizungusha tena. Kisha akacheka.

"Shemeji, gari hili linaendeshwa na wangapi?"

"Mmoja. Kwa nini?"

"Hebu tia kidole hapa katikati. Pamekwisha. Tairi hulika katikati likijazwa kupita kiasi, maana linatuna, linakanyaga kwa tumbo. Sasa shika pembeni. Pembeni nako kumekwisha. Huko hulika likiwa legevu. Mimi nimeona yaliyolika katikati, nimeona yaliyolika pembeni. Lililolika kote kama hili sijaona. Limeliwa na watu wawili wasiosemezana."

Fundi cherehani aliacha kidole pale katikati ya tairi kwa muda. "Na hii namba, arobaini na nne?"

"Huo ni mwisho wa tairi, usipite hapo. Si kipimo cha gari lako. Tairi hili linaweza kufungwa kwenye magari kumi tofauti, litajuaje limefungwa kwenye lipi? Kipimo cha gari kimebandikwa na waliolitengeneza gari. Fungua mlango wa dereva, tazama kwenye nguzo ya mlango. Na upime asubuhi kabla halijatembea. Likitembea linapata joto, upepo unavimba, namba inakudanganya."

Hilo la mwisho alilielewa mara moja. Yeye mwenyewe hakukubali kumpima kiuno mteja aliyetoka kula.

*

Jumatano alasiri mume alirudisha watoto, akaegesha gari uani, akaenda kulala kama kawaida yake. Alikuwa ameyajaza upya asubuhi, arobaini na nne kila moja, kwa hasira. Fundi cherehani aliketi kwenye cherehani, nyuma ya pazia, miguu kwenye kanyagio bila kukanyaga. Alitaka kumwona kinyozi akinyata. Kusema kweli alitamani awe kinyozi, mambo yaishe.

Dirisha la kinyozi halikufunguka. Aliyeinuka alikuwa mzee.

Alikwenda hadi kwenye gari akipapasa ukuta. Akalipiga tairi la mbele teke, akainamisha kichwa kusikiliza. Akagusa mpira kwa kiganja, akatikisa kichwa kwa masikitiko kama daktari. Kisha akapiga goti, akafungua kifuniko, akatoa kijiti cha kiberiti mfukoni na kukichomeka. Fsss. Alisikiliza ule mlio kwa makini, macho yamefumbwa, midomo ikihesabu. Akaenda la pili.

Mkamwana wake alimwacha mpaka alipofika la tatu. Ndipo akatoka.

"Baba."

Kijiti kilimdondoka. "Nani? Ah, ni wewe mwanangu. Nilikuwa... kifuniko kilikuwa kimelegea."

"Baba, nimekuona kuanzia la kwanza."

Mzee alibaki amepiga goti. Kwanza alikasirika, kwa kuwa hasira ilikuwa karibu zaidi. "Yule mwanangu... yule mume wako anataka kuua watoto! Matairi yanawaka moto, yamekaza kama chuma! Mimi nimevuka majangwa na malori. Tairi likipata joto unalipunguza, unalisikiliza, likifika sauti yake unaacha. Sijawahi kutumia geji ya kupimia upepo. Nilimwambia asijaze vile, akaniambia mzee kanywe chai."

"Kwa hiyo unapunguza kila siku?"

"Kila siku."

"Na asubuhi yakipoa yanakuwa matupu, anajaza tena, unapunguza tena."

Mzee alikitafuta kijiti chini kwa kiganja. Hilo, inaonekana, hakuwahi kulifuata hadi mwisho wake.

"Na Jumatatu ulisikia kinyozi akiitwa mwizi. Ulikuwa umekaa pale na chai yako."

"Nilisikia," mzee alisema polepole. Alishika mkono wa mkamwana wake ili ainuke. "Mwanangu, ndani ya nyumba hii sina kazi hata moja. Nikifagia, naambiwa nitaanguka. Gari nililonunua kwa jasho langu, nikiligusa naulizwa natafuta nini. Ile nusu saa ya kila siku, mimi na matairi yangu, ndiyo nilikuwa nimebaki nayo."

Fundi cherehani alimwonea huruma. Pia alitaka kumpiga na futikamba yake ya kupimia nguo. Mambo hayo mawili alikuwa nayo kwa wakati mmoja, na hakuona ajabu yoyote, maana aliolewa katika ukoo huo.

"Utasema wewe au niseme mimi?"

"Nipe hadi kesho jioni," alisema mzee.

*

Alhamisi jioni fundi cherehani aliwasimamisha mumewe na baba mkwe wake kando ya gari, akafungua mlango wa dereva na kutazama nguzo. Pale pa kipimo palikuwa na kibandiko kikubwa cha timu ya mpira ya mumewe.

"Hicho usikiguse," alisema mume.

"Kiko juu ya namba."

"Namba gani? Namba iko kwenye tairi! Nilikibandika mwaka tuliochukua kombe, na hatujachukua tena tangu hapo. Ukikibandua utatuletea mkosi."

"Mmefungwa mechi nne mfululizo kikiwa hapohapo."

Aliingia ndani, akarudi na pasi ya mkaa na kitambaa chenye unyevu, akakiweka kitambaa juu ya kibandiko na kupitisha pasi kama anayenyoosha kola. Gundi ikalainika. Alikibandua kwa ncha ya mkasi, kikatoka kizima, akamkabidhi mumewe aliyekipokea kwa mikono miwili. Chini yake palikuwa na karatasi ndogo yenye picha ya tairi na namba mbili: mbele thelathini na mbili, nyuma thelathini na tano.

Mume alisoma. Akasoma tena. Alitazama tairi, akatazama nguzo, kisha akasema kwa sauti ndogo ambayo mkewe aliisikia mara chache sana, "Miaka mitatu nimekalia jibu."

"Sasa tunahitaji geji ya kweli. Nani anayo?"

Wote walijua nani anayo. Kinyozi alikuwa na pikipiki, na pampu ya mguu, na geji iliyoning'inia kando ya kioo chake ikiwa inang'aa kuliko mikasi.

"Siendi," alisema mume.

"Hiyo geji ni ya mtu uliyemwita mwizi."

"Ndiyo maana siendi!"

"Nitakwenda mimi," alisema mzee. Alikwenda akipapasa ukuta, akagonga dirisha kwa adabu. Wateja wawili walikuwa ndani, mmoja amenyolewa nusu kichwa. "Mwanangu," mzee alimwambia kinyozi, na hakupunguza sauti, "mwizi wa upepo ni mimi. Nilikuwa nautoa kila alasiri kwa mkono wangu. Umetukanwa kwa ajili yangu nami nikanywa chai. Naomba unisamehe, kisha naomba uniazime geji."

Mume alisimama katikati ya ua, kibandiko mkononi, mdomo wazi. Alimtazama baba yake, akamtazama mkewe. "Ulijua?"

"Tangu jana. Nenda sasa."

Akaenda. Radhi yake ilikuwa fupi na mbaya, yenye "lakini" mbili, ila aliitoa mbele ya wateja walewale, na kinyozi, aliyekuwa na haki ya kumsubirisha, alimsubirisha mpaka akamaliza ile nusu ya kichwa iliyobaki. Kisha akaitungua geji. "Nataka irudi na upepo wake wote," alisema.

*

Ijumaa saa kumi na mbili na nusu mwalimu mkuu alifika kwa miguu, daftari kwapani. Gari lilikuwa limelala baridi. Jioni iliyotangulia wote watatu walikuwa wameyaweka matairi sawa kadiri walivyoweza, na walikuwa wamekubaliana jambo moja: mzee ndiye atakayepima. Mume alikubali kwa shingo upande, lakini alikubali.

"Nani hupima?" aliuliza mwalimu mkuu.

"Mimi," alisema mzee, aliyevaa shati lililopigwa pasi na mkamwana wake. Akapiga goti, akaigandamiza geji. "Thelathini na mbili." Mwalimu akaandika. Upande wa pili: "Thelathini na mbili." Nyuma kulia: "Thelathini na tano." Sauti yake ilikuwa imara, ya mtu kazini. Mume alianza kutabasamu.

Nyuma kushoto, lile tairi la akiba. "Thelathini na tano," alisema mzee.

Fundi cherehani alikuwa amesimama nyuma ya bega lake. Mshale ulikuwa kwenye ishirini na saba.

Aliangalia tena, akidhani ameona vibaya. Ishirini na saba. Mzee alikuwa ameielekeza geji usoni kwake, macho wazi, na hakuwa anaona kitu. Mume naye aliuona mshale. Alimtazama mkewe na kutikisa kichwa kidogo sana: nyamaza, tutajaza njiani. Kalamu ya mwalimu ilikuwa imeshagusa karatasi. Binti yao alikuwa ameshapanda, amekaa nyuma kushoto, juu ya tairi hilohilo, anachora kwenye kioo kwa kidole.

"Si thelathini na tano, baba," alisema fundi cherehani. "Ni ishirini na saba."

Kinyozi, aliyekuwa anafungua duka, aliacha kufungua. Mume alifumba macho.

Mzee alibaki na geji mkononi. "Sioni," alisema hatimaye. "Namba nimeacha kuziona tangu mwaka juzi. Nilikuwa nataja zile za jana." Akageuza kichwa kuelekea alipodhani mwalimu amesimama. "Kujaza najua. Kusikia nasikia. Kusoma hapana."

Mwalimu mkuu alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Sasa nani atakuwa anasoma?"

"Mimi," alisema fundi cherehani. "Kila asubuhi, kabla halijawashwa. Yeye atashika geji, mimi nitasoma. Jana jioni hili tairi lilikuwa thelathini na tano, kwa hiyo lina pancha ndogo. Leo litajazwa, na mchana huu dereva atalipeleka kwa fundi. Atalipeleka kabla ya kulala."

"Kabla ya kulala," alisema mume haraka.

Mwalimu alisimama tu, daftari wazi. Kinyozi alileta pampu ya mguu bila kuombwa, mume akavua koti na kuanza kukanyaga, na akakanyaga kwa woga na bidii mpaka mkewe alipomwambia basi. Mzee aliigandamiza tena geji.

"Thelathini na tisa," alisoma mkamwana wake. "Umezidisha. Baba, punguza."

Mzee aligeuka. "Nini?"

"Punguza upepo kidogo. Nitakwambia pa kuacha."

Uso wa mzee ulikunjuka wote. Alitia mkono mfukoni, akatoa kijiti cha kiberiti, akakichomeka taratibu, kichwa kimeinama kusikiliza. Fsss.

"Mwizi huyo!" kinyozi alipiga kelele kutoka mlangoni. "Mshikeni!"

Mzee alicheka mpaka kijiti kikateleza, na mume akacheka, na kutoka garini binti akataka kujua mwizi yuko wapi. Fundi cherehani hakucheka. Alikuwa anatazama mshale.

"Hapo, baba. Thelathini na tano."

"Thelathini na tano," mzee alirudia, na akarudisha kifuniko.

Mwalimu mkuu alifuta alichokuwa ameandika, akaandika upya. Kisha akafungua mlango wa nyuma, akamwomba binti asogee kidogo, akakaa upande wa kushoto na kufunga mkanda.